Jibu: Trekta inatembea ila plau hainyanyuki

Habari za Urambo, mkuu. Nilivyokuelewa, trekta yako ya Lego, vile vipande vya kuchezea vya kuunganisha, inatembea vizuri, ila ukitaka plau ipande, mota inanguruma, gia zinalia tak-tak, na plau inabaki chini.

Mota iache kwanza. Washa huku unaangalia ekseli yenye gia ndogo. Ikisogea pembeni hata kidogo, meno yanarukana, na mlio ndio huo. Ekseli ishikwe na boriti pande zote mbili, karibu kabisa na gia, na boriti hizo zifungwe pamoja kwa boriti nyingine inayokatiza. Matrekta yangu mengi hapa Tabora yamepona hapo hapo.

Bado inagoma? Gia ya meno 8 ikizungusha ya meno 24 inaongeza nguvu mara 3 tu, kwa plau nzito haitoshi. Weka gia ya skrubu izungushe ile ya meno 24: mota inazunguka mara 24 ndipo gia izunguke mara moja. Uzuri wake mwingine, ukizima mota plau inabaki juu, haishuki kwa uzito wake.

Halafu betri za kuchaji ni volti 1.2, siyo 1.5. Kwenye boksi la betri 6 unapungukiwa karibu volti 2. Mota za rimoti sijazitumia, wenye nazo waongezee.