Kiitaliano au Kichina, ukiwa Malindi?

Mdogo wangu, umeuliza: umemaliza kidato cha nne, uko hapa Malindi, na pesa uliyo nayo yatosha kozi moja tu, Kiitaliano au Kichina. Mimi nakwambia Kiitaliano. Lugha hushika kwa kusemwa, na Waitaliano wamo kwetu tangu miaka ya 1960, walipoanza kurusha roketi kule Ngomeni. Utawakuta sokoni, ufuoni, mahotelini. Wa kuongea naye hutamkosa.

Tena maneno yake mengi huishia kwa irabu kama yetu, na kitenzi chenyewe hukwambia nani anatenda: parlo nasema, parli unasema, parla anasema. Kitakachokusumbua ni konsonanti za kukazwa. Casa ni nyumba, cassa ni pale pa kulipia. Nilipoanza kuuza vinyago, mama mmoja mteja wangu alinirudishia neno hilo mara nne, kaunyoosha mkono kwenye kaunta, mpaka ile s ikakaa sawasawa. Namshukuru hadi leo.

Ila kama nia yako ni kuagiza bidhaa Guangzhou, basi shika Kichina, na uanze sasa hivi, maana yale maandishi yataka miaka.