Hukumu ya kuuza vyombo vilivyoandikwa "huoza asilimia 100"

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nina duka la vyombo vya harusi hapa Mombasa: vikombe vya karatasi, sahani na vijiko vya kutupa. Maboksi yameandikwa "huoza asilimia 100, rafiki wa mazingira", nami nauza ghali kidogo kwa sababu hiyo. Mteja mmoja ameniambia ni uongo. Je, biashara hii ni halali? Na faida niliyokwisha kula?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh. Vyombo vyenyewe ni mali halali. Tatizo ni lile neno la kwenye boksi, kwa kuwa umelitoza pesa.

Mtume (s.a.w.) alikataza mnyama wa kuuzwa kuachwa siku kadhaa bila kukamuliwa ili kiwele kionekane kimejaa. Muuzaji huyo hakutamka uongo wowote. Kiwele ndicho kilichosema. Mnunuzi akapewa hiari ya kubaki naye au kumrudisha pamoja na pishi ya tende. Hiyo ndiyo tadlisi, yaani kumhadaa mnunuzi kuhusu hali ya bidhaa, nayo haihitaji ulimi. Mfano wa zama zetu: magari ya dizeli ya Volkswagen yaliyogundulika mwaka 2015, milioni 11 hivi, yalikuwa na programu inayotambua kwamba gari linapimwa, ikapunguza moshi. Barabarani baadhi yakatoa oksidi za nitrojeni hadi mara 40 ya kiwango cha Marekani. Kiwele cha siku ya mnada.

Sasa bidhaa zako. Kikombe cha karatasi kwa kawaida kina utando mwembamba wa plastiki ndani, ndiyo maana chai haivuji. Kiloweke katika maji ya moto, kichane, ujaribu kuubandua kwa ukucha. Kijiko cha plastiki itokanayo na wanga wa mahindi huoza kweli, lakini katika mtambo wa mboji wenye joto la nyuzi 58 hivi. Ufukweni kitakaa miaka. Mbaya zaidi ni plastiki ya kawaida iliyotiwa chumvi za madini ili ivunjike juani. Hiyo haiozi, inapukutika tu kuwa chembe, na Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kuanzia Julai 2021.

Muulize aliyekuletea mzigo: huoza wapi, kwa muda gani, na nani kapima? Kipimo cha Ulaya, EN 13432, kinataka asilimia 90 ioze ndani ya miezi 6, na baada ya wiki 12 katika mboji isibaki zaidi ya asilimia 10 juu ya chekeche la milimita 2. Akitoa cheti, soma jina la bidhaa. Cheti cha malighafi si cheti cha kikombe, na hapa ndipo wengi hupitishwa.

Asipokuwa nacho, rudisha mzigo mara moja. Katika madhehebu yetu ya Shafi hiari ya aibu, yaani haki ya kurudisha bidhaa yenye kasoro, ni ya papo hapo. Ukijua kisha ukaendelea kuuza, haki yako ya kurudisha imeanguka. Mzigo usiporudika, uza kwa kubainisha: ziba maandishi kwa stika na uondoe nyongeza ya bei. Kusema kwa mdomo huku boksi likisema vingine hakutoshi, maana wapo wanaomtuma mtoto dukani.

Ama faida ya nyuma, hukujua, basi huna dhambi, na mauzo yalikuwa sahihi. Mtume asingempa mnunuzi hiari katika mauzo yaliyobatilika. Lakini haki ya mja haifutwi na kutojua. Wapishi wa harusi ambao namba zao unazo, wapigie, na anayedai mrudishie tofauti ya bei. Kwa usiowajua, kadiria ile nyongeza uitoe sadaka kwa niaba yao. Mimi naona ndiyo salama zaidi.

Udhuru huo, hata hivyo, uliisha siku mteja alipokuambia. Maboksi uliyouza baada ya hapo bila kuuliza yahesabu peke yake, na nyongeza yake itoke yote.

Wallahu a'lam.