Kisu cha kukunja cha bei kubwa: kabla ya kununua, tazama kinoo chako

Vijana ninaofanya nao kazi ya kubebesha miche ya michungwa na miembe (kuunganisha kijiti cha mti mmoja kwenye shina la mwingine) hapa Muheza huniuliza mara kwa mara iwapo inafaa mtu ajibane, aweke akiba, kisha aagize kutoka nje kisu cha kukunja cha zaidi ya dola 400, ilhali dukani kipo cha shilingi elfu chache ambacho nacho hukata. Wananiuliza mimi kwa sababu mfukoni mwangu vimepita visu vya kila daraja: vya madukani visivyo na jina, Opinel ya Kifaransa, Victorinox ya Uswisi, na Sebenza ya kampuni ya Chris Reeve, iliyotengenezwa Boise katika jimbo la Idaho nchini Marekani, ambayo shemeji yangu aliniletea na ambayo ninaitumia mpaka sasa. Jibu langu huwa ni swali: nyumbani unanolea nini?

Baadhi yao hudhani ninakwepa, lakini sijapata kuona jambo linaloamua zaidi ya hilo. Kila kisu, hata cha shilingi milioni moja, hutoka kiwandani na makali ambayo siku moja yatakwisha, na kuanzia hapo mwenye kisu hukatia makali aliyoyatia yeye mwenyewe. Ubapa wa Victorinox ni wa chuma laini kiasi, ambacho katika kipimo cha ugumu cha Rockwell (namba ikiwa kubwa, chuma ni kigumu zaidi) hufikia takriban 55 au 56. Hupoteza makali mapema, hilo si siri, lakini huyarudisha baada ya dakika chache kwenye kinoo cha kawaida, na kinoo kisipokuwapo, hata kwenye duara lile la kitako cha kikombe cha udongo lisilopakwa rangi ya kung'aa. Visu vya bei kubwa hutumia vyuma vya namna nyingine. Mwaka 2001 kampuni ya Crucible ya Marekani ilitoa chuma kiitwacho S30V, chenye asilimia 4 ya metali iitwayo vanadiamu, na baadaye, kwa kushirikiana na Chris Reeve, ikatoa S35VN, ambamo vanadiamu ilipunguzwa hadi asilimia 3 na kuongezwa kidogo metali nyingine, niobiamu, ili chuma kisimeguke kirahisi na kisisumbue sana wakati wa kuchongwa. Vanadiamu ikikutana na kaboni hufanya chembe ndogo sana zilizo ngumu kuliko mchanga wa vinoo tulivyozoea. Ndiyo maana kisu hicho hukata kamba, maboksi na viroba vya mbolea kwa muda mrefu bila kulalamika, na ndiyo maana pia, kikishakuwa butu, kinoo cha kawaida hukwangua chuma kinachozizunguka chembe hizo na kuziacha zenyewe zilivyo. Tupa, ambayo ndiyo kimbilio la wengi wetu, huteleza tu juu yake. Kinachohitajika ni kibao cha almasi, yaani bamba lililogandishwa punje za almasi, na bei ya kibao hicho haina budi kuhesabiwa ndani ya bei ya kisu. Nimewaona watu wenye visu vya fahari ambavyo, kwa sababu hii moja, vinashindwa na kisu cha jikoni.

Jambo la pili, ambalo wauzaji hawapendi kulitaja, ni unene. Ukataji hautokani na ugumu wa chuma peke yake. Hutokana pia na wembamba wa ubapa pale nyuma ya makali. Mgongo wa Opinel namba 8 haufiki milimita 2, na kwa hiyo hupita kwenye chungwa, muhogo au tawi bichi kana kwamba hakuna kilichouzuia. Visu vingi vya bei kubwa vinavyosifiwa kuwa ni vya kazi ngumu huwa na mgongo wa milimita 3 au 4, na ukivitia kwenye muhogo huupasua badala ya kuukata. Kwa mtu anayekata vyakula na matawi, kisu cha bei ya chini chenye ubapa mwembamba ni bora kwa kazi yake, na sisemi hivyo ili kuwafariji wasio na fedha.

Je, fedha ile kubwa hununua nini basi? Hununua namna kisu kinavyofunguka, kinavyojifunga na kinavyoweza kutengenezwa. Victorinox nyingi za mfukoni hazina kufuli; ubapa hushikiliwa na springi tu, na anayesukuma kwa ncha ajihadhari na vidole vyake. Opinel ina pete ya chuma inayozungushwa shingoni mwa mpini, iliyobuniwa mwaka 1955, ambayo ni kufuli rahisi na imara kupita bei yake. Udhaifu wake ni mpini wa mti: wakati wa masika hunyonya unyevu na kuvimba mpaka ubapa ukagoma kutoka, na wenyewe huko Savoie, Ufaransa, kisu hicho kilikozaliwa mwaka 1890, hugonga kitako cha mpini mezani ili ubapa uchomoze. Sebenza ina mpini wa titani ambao upande wake mmoja ndio kufuli lenyewe, ubunifu wa Chris Reeve ulioigwa na watengenezaji wengi tangu hapo. Kwangu mimi, hata hivyo, thamani yake kubwa iko kwenye skrubu. Vumbi jekundu na utomvu wa mwembe huingia katika bawaba ya kila kisu cha kukunja. Visu vya rahisi vimegongewa misumari isiyofunguka, hivyo unavitumbukiza katika mafuta ya taa na kungoja. Sebenza huuzwa pamoja na kifunguo chake, ukaifungua, ukaipangusa, ukadondoshea tone la mafuta na kuirudisha, nayo ikakaa palepale ilipokuwa, bila ubapa kusugua upande wowote. Usahihi huo wa kuchonga chuma ndio unaolipiwa. (Mashoto wazingatie kwamba kufuli za aina hii na klipu zake hutengenezwa kwa ajili ya mkono wa kulia, wao waagize toleo lao, au wabaki na pete ya Opinel isiyobagua.)

Kutu nako kunahitaji hesabu yake. Opinel ya chuma cha kaboni hunoleka vizuri kuliko visu vyote nilivyovishika, lakini maji ya ndimu au chungwa huigeuza rangi kuwa nyeusi siku hiyohiyo, na asiyeipangusa na kuipaka mafuta ataikuta na madoa ya kutu. Chuma chenye kromiamu asilimia 14, kama hicho cha S35VN, huvumilia hewa ya pwani, ingawa si kinga kamili: maji ya jiki ambayo wengine hutumia kuua vimelea kati ya mche na mche hutoboa vishimo hata katika chuma kisichoshika kutu, na ni afadhali kutumia spiriti. Yupo mtu mmoja ambaye ningemshauri bila kusita alipe zaidi, naye ni mvuvi. Kampuni ya Spyderco ya Golden, Colorado, hutengeneza visu maalumu kwa ajili ya maji ya chumvi, na vya mwanzo vilikuwa vya chuma kiitwacho H1, chenye kaboni kidogo sana na nitrojeni mahali pake, ambacho hakishiki kutu kirahisi. Kwa mtu wa Mafia au Pemba anayeshinda na maji ya bahari mikononi, hiyo ni tofauti ataiona kwa macho.

Baada ya ubora wa kisu, mtu ajitazame mwenyewe. Visu vya mfukoni kwa kawaida havimalizwi na kuchakaa. Vingi huishia kuanguka shambani, kusahaulika kwenye kiti cha daladala, au kuazimwa na jirani ambaye hukumbuka kila kitu isipokuwa kurudisha. Mtu aliyezoea kupoteza funguo na kalamu hana sababu ya kubeba milioni moja katika mfuko wa suruali. Na yupo mwingine ambaye tatizo lake ni kinyume chake: huogopa kukikwaruza, akakifungia kabatini na kuendelea kukatia kile cha elfu tano. Huyo naye kisu hakimfai, labda kama anapenda tu kukitazama, jambo ambalo si dhambi.

Hoja mbili zinazotolewa na wapenzi wa visu wa Marekani zinapaswa kupunguzwa uzito zinapofika huku kwetu. Ya kwanza ni kwamba kisu kizuri huuzika tena bila hasara kubwa. Kule wanauziana vilivyotumika kila siku, lakini hapa atakayekupa nusu ya bei uliyolipa utamtafuta sana. Ya pili ni dhamana ya maisha, yaani ahadi ya kiwanda kukitengeneza kisu kikiharibika. Dhamana hizo ni za kweli, ila kisu sharti kisafirishwe hadi Oregon, iliko kampuni ya Benchmade, au Idaho, na kurudi, na gharama za safari hiyo, pamoja na ushuru unaoweza kudaiwa mzigo unaporejea, zinatosha kununua Opinel kadhaa.

Kwa hiyo wengi mimi huwashauri waishie kwenye daraja la kati: Opinel au Victorinox halisi, ambazo aina zake za kawaida hazizidi dola 50, na fedha inayobaki inunue kibao cha almasi chenye pande mbili. Anayebebesha miche kila siku aongeze kisu mahsusi cha kubebeshea, ambacho makali yake yamechongwa upande mmoja, kwa maana hakuna kisu cha kawaida cha mfukoni, hata hiyo Sebenza yangu, kinachochonga kikonyo (kijiti kinachobebeshwa) kwa unyoofu ule. Daraja la juu nalipendekeza kwa yule ambaye tayari hunoa vizuri, hutumia kisu kutwa nzima, na hatatetereka kifedha kikipotea kesho.

Anayeletewa na ndugu kutoka nje amkumbushe kukiweka katika begi linaloingia tumboni mwa ndege, kwa kuwa katika begi la mkononi kitachukuliwa kwenye ukaguzi. Walioko Uingereza wafahamu kwamba sheria huruhusu kutembea bila sababu maalumu na kisu cha kukunja kisicho na kufuli chenye makali yasiyozidi inchi 3 tu. Opinel namba 8, yenye ubapa wa sentimita 8.5 na pete yake, imekosa masharti yote mawili.

Mwisho ni ukaguzi wa kisu chenyewe kabla ya kulipa, hasa kwa kuwa Spyderco, Benchmade na Chris Reeve ni majina yanayoghushiwa sana, na bei iliyo chini mno kuliko ya kiwandani itoshe kukutia shaka. Kifungue, shika ncha ya ubapa kwa upande wake bapa, ujaribu kuutikisa kulia na kushoto. Kisha, vidole vikiwa mbali na njia ya makali, bonyeza mgongo kwa kiganja kana kwamba unataka kukifunga huku kufuli likiwa limeshika. Kikunje, ukitazame dhidi ya mwanga uone kama ubapa umekaa katikati ya mpini. Kikicheza au kikisugua upande mmoja, mrudishie muuzaji palepale.