Kwa mnaoanza kuandika rekodi za mahojiano

Wadogo zangu, kila mwaka mnaniuliza programu ipi ni nzuri ya kuandikia mahojiano. Nawajibu, lakini tuanze na bati. Usaili wangu wa kwanza Rungwe niliufanya sebuleni kwa mama mmoja mkulima wa chai, mwezi wa nne. Dakika ya 12 mvua ikashuka. Kuanzia hapo rekodi nzima ni kishindo cha bati, na hakuna programu iliyoweza kumrudisha yule mama. Kwa hiyo kinasa sauti kikae karibu na mdomo wa mhojiwa, na wingu likifunga, simamisheni maongezi mnywe chai kwanza. Rekodini kwa WAV, aina ya faili la sauti lisilobanwa. Saa moja ya stereo hula kama MB 600, na flashi ya GB 32 inabeba nyingi tu.

Halafu pangeni muda. Saa 1 ya sauti humchukua aliyezoea saa 4 hadi 6 kuiandika, na mkiwa na kikundi kinachodakizana, ni zaidi.

Kwa usaili mfupi wa Kiswahili kitupu, oTranscribe inatosha. Ni ya bure, inafunguka kwenye kivinjari, na ukibonyeza Ctrl+J inaweka dakika na sekunde pale ulipofika. Ila maandishi yanakaa ndani ya kivinjari hicho, kwa hiyo yatoe na kuyahifadhi kila jioni.

Mimi kazi yangu kubwa naifanya kwa ELAN, programu ya kompyuta ya Taasisi ya Max Planck kule Nijmegen, Uholanzi. Nayo ni bure. Siku ya kwanza inatisha, vumilieni wiki moja. Kila msemaji anapata mstari wake, na chini yake unaongeza mstari wa tafsiri. Huku kwetu hilo ni jambo kubwa, maana mtu anaanza jibu kwa Kiswahili, anafika kwenye uchungu anahamia Kinyakyusa, anamalizia na “ndaga fijo”. Ukiandika “asante sana” peke yake, umeshamfuta. Andika alivyotamka, tafsiri ikae chini. Msimamizi akihoji, unabofya sentensi naye anasikia sauti yenyewe.

Angalizo moja: faili la ELAN halibebi sauti ndani yake, linaielekeza tu ilipo. Ukimtumia mwenzako faili bila rekodi, anapokea maandishi bubu. Viweke vyote kwenye folda moja, na nakala yake iwe kwenye diski nyingine, nyumba nyingine.

Sasa hizi mashine zinazoandika zenyewe. Whisper ya OpenAI, iliyotoka 2022, inajua Kiswahili kiasi cha kukupa rasimu, na inaweza kufanya kazi kwenye kompyuta yako bila intaneti. Hilo la mwisho lizingatieni, kwa sababu hapa Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na mhojiwa aliyekubali kuongea na wewe hakukubali sauti yake ipakiwe popote. Lakini Kihehe, Kibena na Kinyakyusa hazimo kwenye lugha zake. Ikikutana nazo inalazimisha maneno ya Kiswahili yanayofanana kwa sauti, na sentensi inasomeka vizuri kabisa huku ni ya uongo.

Kibaya zaidi ni kwenye ukimya. Kule Kilolo, Iringa, nilimuuliza mzee mmoja kuhusu wanawe waliohama shamba. Akanyamaza. Jogoo akawika, mtu akaburuta kigoda. Rasimu ya mashine ilikuwa na neno “asante” pale pale, ambalo hakuna aliyelisema. Nilirudi nikasikiliza mara tatu, nikalifuta, nikaandika kwenye mstari wake: (kimya, sekunde 9). Katika usaili wote ule, hilo ndilo jibu nililolitumia zaidi.