Bufee Moja, Las Vegas

SWALI: Mhariri, mimi na mume wangu tunaishi Minneapolis, na mwezi ujao tutalala Las Vegas usiku mmoja. Tungependa kula katika bufee (mkahawa wa kujipakulia chakula kwa bei moja) moja ya hoteli zenye kasino, ila hatuli nguruwe. Tuchague ipi? – Mama Salma

JIBU: Mama Salma, zamani hoteli hizo ziliuza chakula kwa bei ndogo, hata kwa hasara, ili mgeni asiondoke karibu na meza za kamari, lakini hesabu hiyo imebadilika, na baada ya janga la Uviko-19 bufee nyingi hazikufunguliwa tena, huku zilizobaki zikiwa ghali. Anayefuata kaa na kamba huelekezwa bufee ya Bacchanal, katika hoteli ya Caesars Palace, iliyofunguliwa mwaka 2012.

Kwenu ninyi, hata hivyo, ningechagua Wicked Spoon ya hoteli ya Cosmopolitan, kwa sababu vyakula vingi huko hupakuliwa katika visahani vya mtu mmoja mmoja, hivyo upawa uliogusa nguruwe hauzunguki kutoka sinia hadi sinia. Bado muulizeni mpishi, kwani Wamarekani hutia nyama hiyo hata kwenye maharagwe na mboga za majani. Kutokuwapo kwa nguruwe, bila shaka, hakuifanyi nyama nyingine kuwa halali. Samaki ndiye salama zaidi.

Nendeni mchana, na wali uacheni: mnao nyumbani.