Bega Linalotoka Kila Mara: Pima Mfupa Kwanza

Bega limetoka mara 6. Eksrei ni safi. Nishonwe gegedu la ukingo wa kiungo?

Nimeshalijibu hili mara nyingi, na bado mnaniletea eksrei tu! Kila bega linapotoka kwa mbele, kichwa cha mfupa wa mkono hukwangua ukingo wa kisahani cha bega ambacho kichwa hicho hukikalia, mpaka kisahani kikawa kama kikombe kilichomegeka mdomo. Likitoka hata ukivuta shuka usingizini, shuku mfupa. Fanya CT (picha za eksrei zinazounganishwa na kompyuta) ya pande tatu, kichwa kiondolewe kwenye picha ili kisahani kionekane uso mzima. Daktari huchora duara upande wa chini na kupima pengo: duara la milimita 28 likikosa milimita 7, umepoteza 25%. Kuanzia 20–25%, kushona gegedu peke yake ni kujitafutia upasuaji wa pili. Kwa wacheza raga na mieleka, hata upungufu mdogo kuliko huo unatia wasiwasi.

Latarjet, upasuaji wa kuongeza mfupa kwenye kisahani, hufanywaje?

Mfaransa Michel Latarjet aliieleza mwaka 1954. Ncha ya korakoidi (kindoano cha mfupa wa bega kinachotokeza mbele), kama sentimita 2 hadi 2.5, hukatwa pamoja na kano zake, hupitishwa katikati ya msuli wa subskapularisi ulio mbele ya bega, kisha hukazwa ukingoni kwa skurubu 2. Mfupa unapanua kisahani, nazo kano zinakuwa mkanda wa kukizuia kichwa unapoinua mkono na kuuzungusha nje. Ugumu uko kwenye kukiweka kipande. Kikijitokeza milimita chache tu, kichwa kinasagika na kiungo kinachakaa; kikizama mno, bega linatoka tena. Neva ya kwapa na ile ya bisepsi zinapita jirani, kwa hiyo muulize daktari amefanya upasuaji huu mara ngapi. Asikasirike, mkono ni wako.

Nina shimo nyuma ya kichwa cha mfupa. Lizibwe?

Inategemea kisahani. Kikiwa kimebaki kizima kiasi lakini shimo ni pana, linanasa ukingoni. Hapo kano ya infraspinatusi, msuli wa nyuma ya bega, hushonwa ndani ya shimo hilo.

Wiki ya 6 baada ya Latarjet, siumwi. Nirudi uwanjani?

Hapana. Mfupa unaweza kuwa haujaunga na usisikie chochote. Subiri miezi 4 hadi 6, na CT ithibitishe. Sigara acha kabla ya upasuaji, maana huchelewesha mfupa kuunga.

Nina kifafa.

Kidhibitiwe kwanza. Degedege moja inatosha kupinda skurubu na kuking'oa kipande.