Makocha wapya, kaangalieni fainali ya 1994 kabla hamjashika ubao

Madogo, nimewavumilia msimu mzima, sasa nasema. Kila wikiendi kwenye kikapu naona yaleyale, shuta (mtupaji wa timu) amekosa saba mfululizo, kocha kakunja mikono anasema "mwacheni, atarudi", robo ya nne inakwisha hajarudi, halafu kocha huyohuyo ananifuata kwenye gari kuniambia refa katuua. Refa gani sasa? Nikiuliza ukocha mnajifunzia wapi mnasema mnaangalia hailaiti, na kwenye hailaiti kila mpira unaingia, kwa hiyo siwashangai sana.

Mimi nawapeleka Juni 1994, fainali ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, Houston Rockets na New York Knicks, mechi saba, na katika zote saba hakuna timu iliyofika pointi 100. Najua mtalalamika kwamba inaboa. Mechi nyingine inaboa kweli, lakini pale kila kikapu kinatoka jasho na unaona wazi kocha kafanya nini na nini hajafanya. Haya tuanze.

1. Acheni kulinganisha skoa za enzi ile na za leo. Mechi ya kwanza iliisha 85-78 na wale jamaa walikuwa wanajua kufunga vizuri tu. Beki aliruhusiwa kumwekea mwenye mpira mkono kiunoni na kumsindikiza uwanja mzima, msimu uliofuata ndio ligi ikabana hiyo kitu na kuusogeza mstari wa pointi tatu karibu. Imeisha hiyo.

2. Mchezaji mrefu mfundishe miguu kwanza. Mnawasimamisha chini ya ringi kama nguzo za Tanesco halafu mnashangaa hawashiki pasi. Hakeem Olajuwon wa Rockets, mtoto wa Lagos, kabla ya kikapu alicheza mpira wa mikono na kudaka golini kwenye soka, na ukimwangalia anavyogeuka kwenye posti, karibu na ringi, unamwona yule kipa kabisa. Mbele yake alikuwa Patrick Ewing wa Knicks, ambaye kwenye mechi zile saba alibloku mipira 30, kwa hiyo msije mkadhani alikuwa anacheza na vibonde. Hakeem bado akafunga wastani wa karibu pointi 27. Mwaka ule akabeba MVP (mchezaji bora) wa ligi, mlinzi bora na MVP wa fainali, zote msimu mmoja. Na hawa wawili walikuwa na deni la zamani, maana 1984 chuo cha Georgetown cha Ewing kilikifunga chuo cha Houston cha Hakeem fainali ya vyuo. Miaka kumi mtu anasubiri marudiano! Nyie mkifungwa Jumamosi, Jumatatu mshabadilisha mfumo.

3. Mchezaji wa leo mpime kwa leo. Hapa nitakaa kidogo, anayetaka kwenda chai aende.

Mechi ya sita, Houston, Knicks wanaongoza 3-2. John Starks wa Knicks amewaka, ana pointi 27, 16 kazifunga robo ya nne peke yake. Rockets wako mbele 86-84, sekunde zinakatika, Ewing anakuja kumwekea skrini, yaani kumzuilia beki kwa mwili, Starks anapanda na mpira wa pointi tatu. Ukiingia, New York mabingwa kwa mara ya kwanza tangu 1973. Hakeem kaacha mtu wake, katoka mpaka nje ya mstari, mtu wa urefu ule, kanyoosha mkono kaugusa mpira kwa ncha za vidole, ukafa hewani. Rudisheni hiyo klipu muangalie miguu ya Hakeem pale anapobadilishana mtu, mpira mtajionea wenyewe.

Sasa mechi ya saba, Juni 22. Starks anakosa. Anakosa tena. Pat Riley, kocha wa Knicks mwenye mapete mengi ya ubingwa kuliko mimi na nyie na ukoo wetu wote, yuko pembeni na suti yake, hamtoi. Kwenye benchi kakaa Rolando Blackman, miaka 35, ukongwe wote wa Dallas, ameshacheza All-Star, mechi ya nyota wa ligi, mara nne, kazi yake maisha yote ni kutupa. Hajaingia hata sekunde. Starks akamaliza kwa kutupa mara 18, zikaingia mbili, na za pointi tatu alitupa 11, hakuna iliyoingia. Knicks wakafungwa 90-84. Pointi sita!

Watu wengi wanamcheka Starks na hapo ndipo mnapokosea. Starks alikosa, sawa, lakini aliyekuwa na mamlaka ya kumkalisha ni Riley, na mwenyewe baadaye alikiri hadharani kwamba kutomwingiza Blackman usiku ule ndilo kosa lake kubwa kabisa la ukocha. Kwa nini alimwacha? Mimi namwelewa, tena namwelewa kupita kiasi. Starks ni kijana ambaye hakuchaguliwa na timu yoyote kwenye drafti, pale timu zinapogawana wachezaji wapya, alishawahi kupanga bidhaa za wateja kwenye mifuko dukani kwao Oklahoma, juzi tu kakubebea timu robo nzima, sasa unamkalishaje mbele ya dunia? Roho inakataa. Mimi niliwahi kumwacha shuta wangu ndani nusu fainali nzima, mkono umepoa kabisa, benchi zima wananiangalia, na sababu yangu ilikuwa kwamba mama yake amekuja na ndugu watatu kumwona. Sikuwa na sababu nyingine. Nilijidanganya kwamba nalinda morali ya timu. Tumefungwa, mtoto akalia kwenye basi, na kilichonikata maini ni kwamba baadaye aliniambia alikuwa anaomba kimoyomoyo nimtoe.

Kwa hiyo mkifika pale, jiulizeni maswali mawili tu. Je, kuna mtu kwenye benchi anayefanya kazi hiyohiyo? Blackman alikuwepo, hata Hubert Davis alikuwepo. Na je, huyu aliyepoa anaweza kufanya kingine? Katika ile mitupo 18, 11 ilikuwa ya mbali. Starks alikuwa na miguu ya kuvamia ringi, na siku umepoa vamia, tafuta faulo, nenda kwenye mstari wa adhabu ukaone mpira ukiingia. Na kama hamtoi, basi mwambie hivyo wakati wa taimauti. Usimpigie makofi.

4. Ukicheza ugenini iba mechi mapema. Knicks waliiba ya pili Houston 91-83, Rockets wakajibu kwa kuiba ya tatu New York. Zile nyingine zote mwenye nyumba alishinda.

5. Rukii mwenye moyo mpe mpira. Hiyo mechi ya tatu, Madison Square Garden, Rockets wako nyuma kwa mbili, kama nusu dakika imebaki, Hakeem anazingirwa na anatoa pasi nje kwa Sam Cassell, mtoto wa mwaka wa kwanza. Akatupa ya tatu bila kupepesa, ikaingia, na pointi saba za mwisho za Rockets zote ni zake, 93-89. Rudy Tomjanovich, kocha wa Rockets, alikuwa na Kenny Smith, mkongwe aliyeanza, akamwamini dogo. Naona mnanitazama, ndiyo, ni kinyume cha namba tatu kidogo, Tomjanovich alimkalisha mwenye jina na Riley hakuweza. Ligi yetu mnapanga kikosi kwa umri, mpaka aibu.

6. Simu. Mechi ya tano, Juni 17, ndiyo siku polisi wa California wanamfukuzia O.J. Simpson, nyota wa zamani wa futiboli ya Marekani aliyetuhumiwa kuua, kwenye ile gari ya Bronco nyeupe, na televisheni ya NBC wakaigawa skrini, huku msafara wa magari, huku fainali. Amerika nzima macho barabarani. Ewing akabloku minane, Knicks wakashinda 91-84. Sasa wewe msaidizi wangu unayefuatilia matokeo ya Simba huku mimi nachora mpango wa shambulizi kwenye taimauti, nakujua na najua unasoma hapa. Simu iingie kwenye begi, begi chini ya benchi.